Mwaka Tuliopima Anga la Keshero

Sifa alinipigia simu Jumapili moja nikiwa jikoni namenya viazi, akasema neno moja tu, "Papa." Sikuhitaji aendelee. Siku nne baadaye nilikuwa Goma, kwenye kiti cha plastiki katikati ya watu waliokuja kumlilia Muzee Kaembe, baba yake na mwalimu wangu wa fizikia, na mtu aliyeongoza matanga aliniomba niseme alichonifundisha. Nilisimama. Nilisema alikuwa mwalimu mwema na mvumilivu, nikaketi. Sifa alinitazama kutoka upande wa pili wa ua, nikajua amesikia jinsi nilivyoukimbia ukweli. Haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kuyasema siku ile. Ya kwetu Butembo, ya wazazi na ya utoto, nitayaacha, hayahusu. Nataka mwaka mmoja tu, ule ambao wakimbizi walikuwa wamejaa Goma hadi kwenye madarasa yetu, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini.

Nilikuwa nimetoka kwetu kusoma fizikia, nikakuta ukumbi wa masomo umegeuzwa kuwa mahali pa kulala watu. Kamba za nguo zilipita juu ya ubao wa kuandikia, na wanawake walipika mlangoni kwa kuni za mbuga. Wanafunzi wenzangu walirudi kwao mmoja mmoja. Muzee Kaembe mwenyewe alikuwa mkimbizi wa namna yake, ametelemka kutoka milima ya Masisi na binti yake Sifa baada ya nyumba za kijiji chao kuanza kuchomwa. Alikuwa mwembamba, mwenye koti la kijivu alilolivaa hata penye jua, na alizungumza polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alinikuta getini nikiwa na mzigo wangu. "Weye pia unarudi Butembo?" akauliza. Nikamwambia sijui. "Kule tunakaa iko chumba kimoja wazi. Kama unataka kusoma, ukuje. Mwalimu iko, mwanafunzi anatosha mumoja."

Hivyo nilihamia Keshero, katika nyumba ya mbao ya Mama Riziki, mjane aliyeuza makala, mkaa wa kupikia, mbele ya mlango wake na kujua habari za mji mzima kabla ya redio. Nyumba ilisimama juu ya mawe meusi ya volkano, na ilikuwa na vyumba vitatu vya kupangisha: kimoja cha Muzee, kimoja cha Sifa, kimoja changu. Kuta zilikuwa mbao nyembamba zilizokauka na kuachana, kiasi kwamba mtu akifungua barua chumba cha kwanza, wa chumba cha tatu alisikia karatasi. Nilijifunza kuwajua watu kwa sauti kabla ya sura. Sifa alikuwa na miaka kama yangu. Alifanya kazi ya kutafsiri katika zahanati ya kambi ya Kibumba. Lori liliwachukua wafanyakazi asubuhi na kuwarudisha jioni, naye akifika alikaa kwanza nje, akaosha miguu kwa maji ya ziwa yaliyotiwa dawa, asiseme neno mpaka ale. Tulikula pamoja sote wanne, bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, samaki wadogo wa sambaza siku ambazo wavuvi walipata, na mara chache kipande cha jibini ya Masisi ambayo Muzee aliinusa kwanza, amefumba macho, ndipo akaigawa. Mama Riziki alikuwa wa kuzungumza kwa niaba yetu wote. "Leo banasema barabara ya Sake imefungwa," angesema. "Banasema kuko wengine elfu na elfu banakuja." Muzee angejibu, "Mama, acha mutoto ale."

Sifa alikuwa na bibi aliyebaki Masisi, mama yake Muzee, ambaye sote tulimwita Koko ingawa mimi na Mama Riziki hatukuwahi kumwona. Alikuwa amekataa kuondoka. Alisema yeye hawezi kulala mahali asipomsikia ng'ombe wake. Sifa alilelewa naye, na kila jioni hadithi zake zilianza na Koko: Koko alivyowafukuza askari kwa mwiko, Koko alivyopima chumvi kwa jicho, Koko alivyomwita yeye "mke mwenzangu" kwa utani. Kwenye soko la nguo za mitumba alimnunulia sweta nene la kijani, akaliweka juu ya sanduku lake likingoja mtu wa kulipeleka.

Somo letu la kwanza lilifanyika uani. Muzee alitoa kwenye kifuko cha ngozi vioo viwili vyeusi vya duara, akaniambia nitazame mbingu kupitia kimoja. Ilikuwa buluu iliyofifia, basi. "Sasa ukizungushe polepole." Nikakizungusha, na mbingu ile juu ya kichwa changu ikaanza kuwa nyeusi, kama mtu anapunguza taa, kisha ikarudi. Nilipiga kelele hata Mama Riziki akaacha makala yake. Muzee alifurahi, lakini hakucheka, alieleza. Mwanga hutetema. Kwa kawaida hutetema pande zote, bila mpango. Lakini ukigonga hewa na kutawanyika, hutoka umechagua upande. Kwa Kifaransa chetu cha darasani tuliuita mwanga polarisé. Macho yetu hayajui tofauti, kioo kile kinajua. Na hewa ikiwa chafu, moshi au vumbi jingi, mwanga hugongwa mara nyingi mno, na ule upande wake hupotea. "Kwa hiyo," alisema, "ukipima upande wa mwanga, unajua ulipita wapi."

Zamani, kabla ya vita, Muzee alikuwa amesoma ng'ambo miaka mitatu, na kazi yake kule ilikuwa vumbi lililo kati ya nyota. Sikuwa najua kuna vumbi huko. Alinichorea kwenye meza kwa makala: punje ndogo kuliko moshi, ndefu kidogo kama mchele, zinazoelea mahali pasipo na kitu, na usumaku dhaifu wa anga unaozilaza zote upande mmoja. Mwanga wa nyota ukipita kati yake hutoka umepata upande. Kisha alichora duara kubwa lililozunguka kila kitu. Huo, alisema, ni mwanga wa kwanza kabisa, wa wakati ulimwengu ulipopoa kidogo na kuuachia mwanga upite. Umepoa hata hauonekani tena kwa macho, unasikika tu kwa mitambo kama ile ya redio, nao unatujia kutoka pande zote. Watu walikuwa wamekwisha kuupima ukali wake. Upande wa mtetemo wake hakuna aliyekuwa ameuona bado. "Watauona," alisema. "Ile siku watafurahi sana, na watakosea, kwa sababu vumbi letu iko mbele yake, na vumbi nayo iko na upande wake." Leo nalipwa mshahara kwa sentensi ile. Nakaa mbele ya ramani za anga zilizopimwa kwa mawimbi mbalimbali, natafuta vumbi mahali linapong'aa zaidi, nalikadiria, naliondoa, natazama kinachobaki. Mara moja kikundi chetu kilipata umbo zuri mno, la kutufanya tukumbatiane. Tukangoja miezi, tukarudia hesabu, likawa vumbi. Vijana walilia. Mimi nilitoka nje nikacheka kidogo, kwa sababu nilikuwa nimewahi kukosea vibaya zaidi ya hapo, uani kwa Mama Riziki.

Muzee alikuwa na mpango. Tungepima anga la Goma kila asubuhi jua likichomoza upande wa Gisenyi, kwa sababu wakati ule mbingu ya utosini ndiyo yenye upande mkali zaidi. Tulifunga kioo kimoja mbele ya kipima mwanga cha kamera ya zamani, tukazungushia duara la katoni lenye alama za digrii. Unasoma mwanga mwingi, unazungusha, unasoma mwanga mdogo, unaandika kwenye kaye, daftari letu la vipimo. Moshi wa kambi ulipokuwa mwingi, tofauti ilipungua. Baada ya mvua ya usiku, iliruka juu. Kuliona hilo katika tarakimu zangu mwenyewe kulinipa furaha ambayo sijaipata tena kwa namna ileile. Muzee alimwandikia profesa wake wa zamani, naye akajibu kwamba kaye la miezi sita, likiwa safi, lingemsaidia kumwombea mwanafunzi nafasi ya kusoma huko. Mwanafunzi huyo nilikuwa mimi. Kuanzia siku ile niliamka kabla ya jogoo wa Mama Riziki, na kila nilipoandika tarakimu nilikuwa najiandikia njia ya kutoka.

Mwezi wa sita wa kupima, habari za Masisi zikawa mbaya, na Muzee akaamua kwenda kumtafuta mama yake. Alivaa koti lake, akachukua fimbo na kipande cha sabuni, akanikabidhi kaye. "Kila asubuhi," alisema. "Hata kama mbingu ni mbaya. Hasa kama ni mbaya." Sifa alimpa sweta, naye akalikunja ndani ya mfuko wake. Akaenda kwa miguu.

Nilipima siku sita bila kukosa. Siku ya saba, Jumatano, risasi zilianza mjini kabla ya mapambazuko. Watu wenye bunduki walikuwa wakiingia nyumba kwa nyumba, wakichukua redio, magodoro, chochote. Depo ya mbao karibu na bandari ikachomwa na moshi ukalala juu ya mji wote. Mimi, Sifa na Mama Riziki tulikaa chini ya kitanda cha Mama Riziki, tumebanana kama sambaza kwenye kikapu. Tulikunywa maji kwa zamu kutoka kwenye bidon moja, na Mama Riziki, aliyekuwa wa kusema siku zote, alishikilia rozari bila sauti. Hatukutoka Jumatano, wala Alhamisi, wala Ijumaa. Jumamosi palikuwa kimya, lakini sikuweza kusimama katikati ya ua na kuinua uso wangu juu. Nilijaribu. Nilifika mlangoni nikarudi ndani. Jumapili asubuhi nilipima tena, na jioni nilifungua kaye, nikaona mistari minne mitupu katika ukurasa wangu safi, nikachukua kalamu. Nilitazama tarakimu za wiki iliyotangulia, nikaziongeza kidogo hapa, nikapunguza pale, ili zisifanane mno. Safu ya mwisho, ya maelezo, niliandika: mbingu safi. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Muzee alirudi Jumanne mchana, Sifa akiwa kazini. Nilikuwa chumbani nimejilaza, nikamsikia akiketi jikoni na Mama Riziki akimmiminia maji. Kisha nikasikia sauti ya Muzee, na haikuwa ya kuvuka mto tena, ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuzama. Alisema alimkuta mama yake njiani, majirani wamembeba kwenye machela, na kwamba mama alimtambua mwanawe, akamwuliza kama amekula. Alikufa kesho yake. Walimzika Alhamisi, juu ya Sake, kando ya shamba la mtu wasiyemjua. "Sifa usimuambie," alisema. "Ile kazi ya kambi, kila siku anaona maiti. Hii itamuvunja." Mama Riziki akajibu, "Muzee, mambo kama haya hayafichikage." Lakini Sifa alipofika jioni na kuuliza, nilimsikia Muzee kupitia mbao akisema, "Koko iko muzima. Iko kwa majirani, miguu tu inamusumbua." "Na sweta?" "Ilimufaa." Sifa alicheka. Akaimba huku akiosha miguu. Sweta, nilikuja kuliona baadaye, lilikuwa chini ya kitanda cha Muzee.

Siku tatu nilikula meza moja nao nikiwa na siri mbili kinywani, yake na yangu. Daktari mmoja mgeni wa zahanati ya Sifa alikuwa anarudi kwao na alikubali kuchukua kaye letu, kwa hiyo Ijumaa mchana Muzee aliketi kulisoma mara ya mwisho. Nilisimama nyuma yake. Kidole chake kiliteremka ukurasa mstari kwa mstari, kikasimama. "Alhamisi," alisema. "Umeandika mbingu safi."

"Ndiyo, muzee."

"Weye mwenyewe ulipima?"

"Ndiyo."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Ile Alhamisi nilikuwa juu ya Sake. Pale kama kunapambazuka unaona Goma mupaka ziwa. Siku ile Goma haikuonekana. Ilikuwa moshi mutupu."

Sijui ujasiri ule ulitoka wapi; nadhani haukuwa ujasiri, ilikuwa aibu inayotafuta mwenzake. Nikamwuliza, "Na weye muzee, Alhamisi ulikuwa unafanya nini juu ya Sake?"

Aligeuka kunitazama. Nje Mama Riziki alikuwa anamwaga makala kwenye gunia, na kelele ile ilijaza chumba hadi ikaisha. Aliona kwamba najua. Nilingoja anifukuze, na nilistahili. Badala yake alirudisha miwani usoni, akaniuliza kwa upole, "Ulikuwa wapi siku zile?" Nikamwambia: chini ya kitanda, watatu, na Jumamosi niliogopa kusimama uani. "Basi andika vile. Vipimo hakuna, sababu ni hii." Nikasema profesa ataona kaye limetoboka na nafasi itapotea. "Inaweza kupotea," alisema. Hakunidanganya hata kwa hilo. Kisha akainuka kwa kushika meza. "Weye utaandika yako. Na miye, Sifa akifika, nitasema yangu."

Nilipiga mstari wa rula juu ya mistari minne ile, nikaandika ukweli pembeni. Sifa alipofika, Muzee hakumwacha hata aoshe miguu. Nilikuwa chumbani kwangu na sikuziba masikio. Sauti ya Muzee ilianza polepole, kisha nikasikia kitu kikivutwa kutoka chini ya kitanda. Sifa hakulia. Aliuliza, "Nani anajua?" na baba yake akajibu bila kupunguza chochote: Mama Riziki, na Kavira. Kavira ni mimi. Mlango wangu ukafunguliwa, Sifa akasimama amelishika lile sweta kifuani. "Tangu siku gani?" akaniuliza. Nikasema, "Tangu Jumanne." "Siku tatu," alisema. "Unakula na miye, ninakuelezea Koko, unacheka." Akafunga mlango. Hapakuwa na matanga. Amri ya kutokusanyika ilikuwa bado mjini, watu wa Masisi walikuwa wametawanyika, na Sifa mwenyewe asubuhi yake alipanda lori la Kibumba kama kawaida.

Uwanja wa ndege ulifungwa, daktari akakwama, na kaye likabaki nasi wiki nzima zaidi. Wiki hiyo Sifa hakuniambia neno. Nilipima kila asubuhi. Muzee alisimama karibu nami, mikono mgongoni. Siku ya nane, nikiwa nazungusha katoni, niligundua mtu mwingine yuko nyuma yangu. Sifa alikuwa amevaa sweta la kijani, kubwa kwake, mikono imefunika vidole. Alingoja nimalize, kisha akalichukua kaye, akarudi nyuma kurasa mbili, akasoma nilichoandika kuhusu chini ya kitanda. Alisoma kila mstari. Akaniomba kalamu. Kwenye Alhamisi, chini ya maneno yangu, akaandika kwa Kifaransa chake kizuri cha zahanati: Siku hii walimzika bibi yangu, na mimi sikujua. Akampa baba yake. Muzee alisoma, akauliza, "Unataka yule profesere asome hii?" "Nataka asome," Sifa akasema. Muzee aliliweka kaye ndani ya bahasha jinsi lilivyokuwa.

Jibu lilichukua karibu miezi mitano. Kufikia wakati ule tulikuwa tumezoea kutolingoja. Mimi na Sifa tulikuwa tumeanza kuzungumza tena, kwanza habari za maji na chumvi, kisha nyingine, ingawa jina la Koko halikutajwa mezani. Mfanyakazi wa zahanati alileta barua Jumamosi mchana, sote tukiwa nyumbani. Niliifungua uani. Profesa aliandika kwamba nafasi ya mwaka ule amepewa mwingine. Mwanafunzi wa Muzee angeweza kuomba tena, naye angemsaidia. (Niliomba mara mbili zaidi, niliondoka baada ya miaka mitatu, kupitia Kasindi na Kampala, na hiyo ni habari ya mahali pengine.) Aliuliza maswali ya vipimo vya siku za moshi, akasema siku zilizokosa vipimo hazimsumbui maadamu zimeandikwa kuwa zimekosa. Nilikuwa nasoma kwa sauti, nikiwa na huzuni ya kukosa, nikafika chini kabisa, chini ya sahihi yake, ambako palikuwa na mstari mmoja kwa mkono. Nikausoma pia kabla ya kufikiri. Ulisema: Pole zangu kwa yule aliyeandika siku ya Alhamisi, naomba kujua bibi yake aliitwa nani.

Sifa aliomba barua. Alisoma mstari ule akiwa amesimama, akausoma tena, kisha akaketi chini juu ya mawe, akamtaja bibi yake kwa jina lake kamili, ambalo mimi sikuwahi kulisikia, na akalia kwa sauti. Alilia kama wanavyolia watu wa milimani, kilio kirefu chenye maneno ndani yake, na Muzee akavua koti lake kwa mara ya kwanza niliyoona, akalitandika, akaketi kando yake. Majirani walisikia. Walianza kuingia bila kuuliza, mmoja na kiti, mmoja na kuni, mama mmoja mkimbizi wa jirani na mtoto mgongoni. Mama Riziki alifungua gunia lake la makala akamwaga lote jikoni, akaweka sufuria kubwa. Watu walikaa hadi jioni, ua ukajaa, na kila aliyeingia alimwuliza Sifa aeleze Koko alikuwa mtu wa namna gani, naye akawaeleza.